Chombo kinaingiza maji ukiwasha injini tu? Uliza "lini" kabla ya kuuliza "wapi"

Kama chombo chako kikiwa kimetia nanga ngama (pale chini kabisa ndani ya chombo maji yanapokusanyika) iko kavu, ukitweka tanga ukaenda nalo mchana kutwa ngama bado kavu, alafu siku upepo umekataa unapiga injini kutoka Kilindini mpaka Mtwapa na ukifungua ubao wa sakafu wakuta maji yanacheza huko chini, tulia kwanza. Usikimbilie hadwea kununua silikoni. Hio tabia ya kuingiza maji wakati wa injini pekee yake ishakupa nusu ya jibu, na watu wengi wanaitupa hio nusu manake wanaanza na "panavuja wapi?" na kupakapaka kila mahali, badala ya kuuliza maji yaja saa gani, chombo kikiwa kinafanya nini. Ukishajua lini, wapi inajileta yenyewe. Naandika hii kwa wenye yoti za faiba na pia wenye mashua za mbao zilizotiwa injini ya ndani, pwani yetu vyote viwili viko na maji hayachagui.

Hebu fikiria nini kinabadilika pale unapopiga stata. Kwanza pampu ya maji ya bahari inaanza kusukuma maji kwa presha ndani ya mipira ambayo dakika moja nyuma ilikuwa imelala tu. Injini ndogo ya yoti yaweza kusukuma lita 20 na zaidi kwa dakika ukiwa mwendo wa kawaida, sasa mpira ukiwa na ufa yale maji ya kupoza injini yanaishia ndani ya chombo badala ya kutoka nje na moshi. Pili, shafti inazunguka, na pale inapopenya kutoka nje kuja ndani pana glandi, kile kifungio kinachozunguka shafti kuzuia maji ya nje. Tatu, na hili ndo linasahaulika sana, tezi, yaani nyuma ya chombo, inazama: propela ikisukuma omo (mbele) inanyanyuka kidogo, nyuma inakaa, na wimbi la chombo chenyewe linapanda hapo hapo nyuma, kwa hio matundu na viungo ambavyo ukisimama viko juu ya maji sasa viko chini ya maji. Nne mtetemo, tano joto. Kila moja ya hizi ina watuhumiwa wake, na kazi yako ni kuzitenganisha moja moja mpaka ibaki moja.

Lakini kabla hujaingia ngamani kutafuta, weka mambo ya usalama sawa, na hapa sitaki mtu aruke. Zungukia kila sikoki (valvu ya tundu linalotoboka nje ya chombo) uifunge na kuifungua kwa mkono, ambayo haigeuki ijulikane leo sio siku mpira umechomoka. Kando ya kila sikoki funga kizibo cha mti mwororo kilichochongwa ncha. Tundu la milimita 25 likiwa sentimita 60 chini ya usawa wa maji laingiza kama lita 60 kwa dakika, na pampu nyingi ndogo za bilji, yaani za kutoa maji ya ngamani, hazifikii hio kwa vitendo hata kama boksi lake limeandikwa makubwa, kwa hio kile kizibo cha mti ndo pampu yako ya kweli. Ukienda kutazama shafti inazunguka usivae kikoi wala leso wala shati la mikono mipana, nywele zifungwe, pete na cheni ziachwe juu. Muwe wawili, mmoja kwenye usukani mmoja chini, na wa juu asiguse gia wala mafuta bila kumuuliza wa chini na kujibiwa. Kama unasikia harufu ya moshi huko ndani, toka, fungua kila mlango, zima injini, manake egzosti (bomba la kutolea moshi) inayovuja maji huwa inavuja gesi pia na hio gesi inaua mtu bila kumpa onyo. VHF iwe imewashwa chaneli 16, kituo cha uokozi cha Mombasa kinaisikiliza.

Sasa kazi yenyewe yaanza na jambo ambalo kila mtu analiona la kipuuzi: kausha ngama. Sio kupiga pampu mpaka ianze kunyonya hewa, hapana, kausha kwa sponji na matambara mpaka ukipitisha kiganja kinatoka kikavu. Fungua matundu ya kupitishia maji kati ya mataruma (mbavu za chombo), mengi huwa yamezibwa na mchanga na uchafu wa miaka, na nyuma yake kumelala maji ya mvua ya masika ambayo yako ndani ya chombo kitambo. Hayo maji ndo yanadanganya watu. Ukiwa umesimama yamejificha mbele au kwenye makabati ya pembeni, ukipiga injini omo ikinyanyuka na chombo kikitetemeka yanateremka kuja nyuma, wewe unasema chombo chavuja kumbe hakuna hata tone lililoingia siku hio. Nimeona watu wakitoa shafti nzima kwa ajili ya maji ya mvua. Kausha, acha usiku mzima, kausha tena asubuhi, ndo uanze.

Maji ulioyatoa usiyamwage kabla hujayatazama. Chovya kidole uonje, lakini kama yana rangi ya kijani au pinki au yana utelezi usionje kabisa, hio ni kulanti ya injini na ni sumu. Yakiwa na chumvi kali ni bahari. Yakiwa matamu basi mtuhumiwa ni tangi, mabomba ya ndani, au boila (tangi la maji moto), nitaifikia. Tahadhari moja kwa wanaofunga ndani huko kwenye hori ya Tudor wakati wa masika: mito ya Kombeni na Tsalu ikishuka, maji ya nje yenyewe yanapungua chumvi, kwa hio ulimi wako unaweza kukuambia ni maji ya tangi kumbe ni ya nje. Chota maji ya nje na kikombe uonje kwanza, alafu ya ngamani, ulinganishe. Ukiona utando wa rangi za upinde juu ya maji, hayo yamepita karibu na diseli au oili, na hapo ushapata fununu yanatokea upande gani.

Alafu pima ni mengi kiasi gani. Hesabu yake ni nyepesi na inaondoa watuhumiwa wengi kwa mpigo. Matone kama 20 ya maji ni mililita moja. Glandi ya kawaida ikidondosha matone 10 kwa dakika ni nusu mililita kwa dakika, mililita 30 kwa saa, yaani hata nusu kikombe cha chai haijafika. Tone moja kila sekunde ni mililita 180 kwa saa. Kwa hio kama umepiga injini masaa mawili ukafua (ukatoa ngamani) ndoo nzima ya lita 20, usimuonee glandi inayodondosha vizuri, hapo natafuta kitu kinachomwaga, mpira au egzosti au tundu la nyuma lililozama. Na ukipata kikombe kimoja tu baada ya safari nzima hakuna haja ya kutafuta mpira uliopasuka, ungeshauona. Nasisitiza hili kwa sababu glandi ndo inalaumiwa kila mara, pengine kwa kuwa ndo kitu pekee watu wanakijua jina, na mafundi wengine wanaikaza tu mpaka shafti inakatika mfereji, na maji bado yaja kutoka kwingine.

Gawanya ngama. Chukua udongo ule wa kuchezea watoto au putty, jenga vikuta vidogo kati ya taruma na taruma, kimoja nyuma ya injini, kimoja mbele yake, kimoja katikati ya chombo. Maji yakianza kuja yatajaa chumba kimoja kwanza na hapo ushajua upande. Alafu chukua tishu nyeupe, zungushia kila kiungo cha mpira, chini ya pampu ya maji, chini ya glandi, kwenye shafti ya usukani, na juu ya mbao na faiba zilizokauka pitisha poda ya mtoto nyepesi au chora mistari ya chaki. Tone likipita kwenye poda linaacha njia yake, na njia hio unaifuata kwenda juu, sio kwenda chini, manake maji yanatembea sana kabla ya kudondoka na pale yanapodondokea mara nyingi sipo yanapotokea.

Sasa endesha majaribio kwa hatua, na baina ya kila hatua shuka utazame tishu.

Ya kwanza, chombo kimefungwa, injini imezimwa, sikoki zote wazi. Nusu saa. Kikivuja hapa basi shida yako sio ya injini, ni ya kila siku na pampu ya otomatiki ilikuwa inakuficha.

Ya pili, washa injini, gia iwe nyutro, ongeza mafuta kidogo, dakika 15 mpaka 20. Shafti haizunguki, tezi haijazama, kitu pekee kinachofanya kazi ni maji ya kupoza na egzosti. Tishu ikilowa hapa ushamaliza safari, yote mengine hayahusiki.

Ya tatu, tia gia ya mbele ukiwa bado umefungwa gatini, kamba nzuri nne, mwambie jirani wa nyuma yako manake maji ya propela yatampiga, na chagua wakati maji yametulia baina ya kupwa na kujaa. Ongeza mafuta polepole, usiende mpaka mwisho. Sasa shafti inazunguka na mtetemo umekuja lakini chombo hakiendi, kwa hio tezi haijazama sana. Kikivuja hapa na hakikuvuja nyutro, tazama glandi, mpira wake, na besi za injini.

Ya nne nenda. Toka asubuhi mapema kabla upepo haujapanda, wakati wa kusi hasa mchana bahari inachafuka nje ya mwamba na hutatofautisha maji ya chini na ya kurushiwa juu. Kaa mbali na njia ya feri ya Likoni na ya meli, mtu mmoja kichwa chake kiko ngamani sio wakati wa kukwepa meli. Nenda taratibu dakika kumi, kisha mwendo wa safari dakika kumi, kisha karibu na mwisho. Maji yakianza pale tu mwendo unapopanda, na gatini hayakuja, basi ni kuzama kwa tezi, karibu hakuna jingine.

Ya tano watu huwa wanaisahau: zima injini, usiondoke, kaa saa nzima utazame. Kuna maji yanayokuja baada ya kuzima, kwa kurudi nyuma kwenye mipira, na kuna ya boila, na hayo ukienda nyumbani moja kwa moja hutayaona kamwe yakiingia.

Hatua ya nne kuna njia ya kuithibitisha bila kwenda popote. Ukiwa umefunga mahali patulivu, waite marafiki watano sita wakae nyuma kabisa, na mitungi ya maji iliyojaa ipange hapo hapo, mpaka tezi izame kama inavyozama ukiwa mwendoni. Injini imezimwa, kimya, una tochi na nafasi ya kulala kifudifudi utazame. Ikivuja, unaiona kwa macho yako. Naipenda sana hii njia kwa sababu haina hatari na haina kelele, na mara nyingi inamaliza mabishano.

Haya, twende kwa watuhumiwa wenyewe. Glandi kwanza kwa sababu ndo yenye mengi.

Glandi ya zamani, ile ya kamba iliyotiwa grisi, imeumbwa idondoshe kidogo shafti ikizunguka, matone machache kwa dakika, hayo maji ndo yanaipoza na kuilainisha. Ukizima inapaswa kuacha au kubakia tone la mara moja moja. Ikimimina wakati wa kuzunguka, kabla hujaikaza tazama vitu viwili. Cha kwanza ni mpira mfupi mnene unaoishika glandi kwenye bomba la shafti, uminye, uzungushe tochi mpaka chini yake, na klipu zake ziwe mbili kila upande na zisiwe na kutu kwenye skrubu. Huu mpira ukipasuka chombo kinaweza kuzama, ni kitu cha hatari kuliko vyote nitakavyovitaja, na uko gizani hakuna anaeutazama. Cha pili ni kama shafti yenyewe inacheza. Injini ikiwa imekaa vibaya kwenye besi zake, au besi moja imekatika, au beringi ya nje imeisha, au kamba ya mvuvi imejizungusha kwenye propela, shafti itapiga pembeni na hakuna kukaza kutakakosaidia. Mpangilio wa injini na shafti hupimwa chombo kikiwa majini sio nchi kavu, manake chombo kikikaa juu ya magogo kinabadilika umbo. Fungua boliti za kapling (kiungo cha shafti na injini), sogeza sahani mbili zikutane, pima nafasi juu, chini, kulia, kushoto na vijembe vya kupimia (vibati vyembamba vyenye unene unaojulikana): kwa sahani ya upana wa milimita 100 tofauti isizidi takriban milimita 0.1.

Hivyo vikiwa sawa ndo ukaze, robo ya mzunguko au chini ya hapo, kaza nati zote mbili sawa kama ni ya boliti mbili, endesha dakika kumi, zima, shika glandi kwa mkono. Vuguvugu ni sawa, ikikuunguza umekaza sana, legeza. Kama ushaikaza mpaka imefika mwisho na bado inamimina, kamba imeisha, ibadilishe. Toa zote za zamani na kulabu, hata ile ya ndani kabisa iliyogeuka ngumu, wengi wanaongeza mpya juu ya za zamani na hio haikai. Kata pete za kipimo kile kile kwa kuzizungusha kwenye shafti, mkato uwe wa mshazari, tatu au nne kwa kawaida, na kila mkato ukae upande tofauti na wa mwenzake. Yawezekana kufanya chombo kikiwa majini, maji yatakuja kama ya bomba lililofunguliwa kidogo, kwa hio kila kitu kiwe kimekatwa na kupangwa kabla, pampu iwe kazini, na tambara lililopakwa grisi tayari la kuzungushia shafti. Asiyewahi kufanya afanye chombo kikiwa kimekaa mchangani.

Glandi za kisasa zisizodondosha zina dalili yao: maji hayadondoki, yanarushwa. Utaona mstari wa maji au chumvi umezunguka kwa duara kwenye kuta za pembeni na mpaka chini ya ubao wa juu, sawa kabisa na pale glandi ilipo. Ukiona duara hilo usitafute kwingine. Na kama chombo kimeshushwa majini juzi tu, hewa inaweza kuwa imenaswa ndani ya ule mpira, ubane au usukume nyuma kidogo mpaka maji yatoke, ndo ipate kupoa, ukiiendesha kavu inaungua. Mpira wake ukiwa na nyufa ndogo ndogo ukiukunja, usingoje.

Upande wa maji ya kupoza, kumbuka hivi: pampu inavuta upande mmoja na kusukuma upande mwingine, na pande hizo mbili zinavuja kinyume. Kabla ya pampu, yaani sikoki, mpira wa kwanza na chujio, zikiwa chini ya usawa wa maji huvuja injini ikiwa imezimwa na ukiiwasha zinanyonya hewa badala ya kutoa maji, kwa hio dalili yake ni injini kupanda moto na maji ya egzosti kutoka kwa kukatikakatika. Baada ya pampu ndo panapovuja wakati wa injini. Anzia pampu yenyewe. Chini yake, kati ya sehemu ya maji na sehemu ya beringi, kuna kijitundu kidogo, watu wengine wanakiziba wakidhani ni kasoro. Kimewekwa makusudi: sili ya ndani ikiisha, maji yatokee hapo yasiingie kwenye beringi au kwenye oili ya injini. Kikidondosha, badilisha sili na beringi pamoja, na uchomoe kijiti cha oili utazame, ikiwa imegeuka nyeupe kama chai ya maziwa usiendelee na safari. Kifuniko cha impela (gurudumu la mpira ndani ya pampu) pia kinavuja gaskiti ikichoka au mtu akikaza skrubu vibaya.

Kutoka hapo fuata mpira kwa mpira mpaka hiti eksichenja (pale maji ya bahari yanapopoza kulanti ya injini), vifuniko vyake vya miisho, plagi ya zinki, alafu ile kona maji yanapoingizwa kwenye egzosti. Hio kona inaliwa kutokea ndani, nje inaonekana nzima mpaka siku inatoboka. Tafuta chumvi nyeupe iliyoganda, kijani kwenye shaba, na mistari ya kutu. Kwa vyuma vya manjano kwaruza na kisu, kikitokea rangi ya pinki ndani, zinki imeshatoka na chuma hicho kitavunjika kama biskuti mkononi mwako siku moja, toa. Mpira wa egzosti na boksi la kunyamazishia pitisha mkono kwa chini, hapo ndipo panapopasuka na hapaonekani.

Juu ya injini huwa kuna mpira uliopinda juu na valvu ndogo ya hewa kileleni, ni wa kuzuia maji ya bahari yasijivute yenyewe yakajaza injini baada ya kuzima. Unahitajika pale sehemu ya kuingizia maji kwenye egzosti iko chini ya sentimita 15 juu ya usawa wa maji, au iko chini yake kabisa. Chumvi ikiikwamisha hio valvu wazi, inarusha maji kila injini ikizunguka, na yanateremka juu ya injini mpaka unadhani ni pampu. Ikikwama imefunga ni hatari zaidi hata kama haivuji. Ifungue, ioshe kwa maji matamu ya moto, ukipuliza upande mmoja hewa ipite na upande wa pili isipite.

Tezi ikizama, watuhumiwa ni wale wa nyuma: shafti ya usukani na glandi yake, tundu la egzosti, viungo vya sitaha na bodi, matundu ya hewa, na zaidi ya vyote tundu la pampu ya bilji. Hili la mwisho linachekesha watu lakini ni la kawaida sana. Tundu la kutolea limewekwa chini sana nyuma, chombo kikienda linazama, pampu inafua maji, inasimama, na maji yanarudi kwa njia ile ile, pampu inawaka tena, na hivyo hivyo safari nzima mpaka betri imekwisha. Dawa yake ni kuupandisha mpira mpaka chini ya sitaha kisha ushuke, na kileleni uwekwe valvu ya hewa. Valvu ya kuzuia kurudi peke yake usiitegemee, uchafu mdogo tu unaishikilia wazi.

Maji matamu ngamani baada ya injini, na unayo boila inayopata moto kutoka kwa injini? Maji yakipata moto yanatanuka, na valvu ya usalama ya boila inaachilia kidogo, kila safari. Hio sio kuvuja, ni kazi yake. Elekeza bomba lake kwenye chupa na uone inajaa kiasi gani. Ikiwa ni lita nyingi, valvu imechoka.

Wenye mashua za mbao, yote hapo juu yanawahusu na juu yake mna la kwenu. Jua la kaskazi linakausha mbao za juu ya maji, kalafati (kizibo cha baina ya mbao) inalegea kwenye viungo, na siku ya injini tezi inazama mpaka viungo hivyo vikavu viko chini. Maji yaingia kwa urefu wa ubao, sio kwa tundu moja, na yanapungua baada ya masaa mbao zikivimba. Kabla ya safari ya injini mwagieni mbao za nyuma maji ya bahari kwa ndoo, jioni na asubuhi, siku kadhaa. Silikoni hapo msiitie, haishiki kwenye mbao yenye mafuta, ubao ukivimba inasukumwa nje, na rangi na lipu hazitakubali tena juu yake. Ni pamba na kalafati kwa fundi anaejua, na mngoje bamvua: Mombasa maji ya bamvua yanashuka zaidi ya mita 3, chombo kinakaa mchangani na fundi anapata masaa ya kufanya kazi chini kwa starehe. Tazameni pia boliti za magogo yanayobeba injini, mtetemo unazilegeza na kila moja iliyopenya nje ni tundu.

Ukienda na injini kuukabili upepo, omo inachovya na maji yanaingia kwenye stoo ya nyororo ya nanga, yanateremka ndani polepole mpaka nyuma. Kama chumba cha mbele cha vile vikuta vya putty ndo kimejaa kwanza, achana na injini kabisa, kamwagie mpira wa maji kule mbele ukianzia chini kupanda juu, mwenzako akiwa ndani na tochi.

Ukishatengeneza, rudia njia ile ile kwa mwendo ule ule, na tishu mpya mahali pale pale, na vikuta usivitoe bado. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukibadilisha glandi na mpira na valvu siku moja hutajua kilichokuwa kibovu ni kipi. Tishu zikitoka kavu safari mbili mfululizo, na saa nzima baada ya kuzima bado kavu, vunja vikuta, safisha matundu ya kupitishia maji, rudisha ubao wa sakafu.